Walichokiacha Wachuma Majani

Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wanalijua jina la W. E. Taylor. Ni yule mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ambaye kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alikusanya na kufafanua tungo za Muyaka bin Haji. Lau si karatasi za hao wawili, sehemu kubwa ya Muyaka ingezikwa pamoja na wazee waliokuwa wakimkariri. Karatasi hizo zimo London, katika maktaba ya SOAS. Jambo ambalo watu wa fasihi hawalitaji sana ni kwamba Taylor alikuwa pia mchuma majani. Mwaka 1887, katika nchi ya vilima vya Giriama na Shimba, aling'oa mmea mdogo wenye majani ya manyoya laini, akaubana katikati ya karatasi, akaukausha, akaupeleka Uingereza. Nao uko London, katika jumba la makumbusho ya viumbe, safari fupi ya basi kutoka yalipo mashairi.

Mmea ule ulikuwa ndugu wa ua ambalo leo limepangwa kwenye madirisha ya nyumba Ulaya na Marekani yote, ua la Usambara. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alikuwa amepeleka sampuli yake miaka mitatu kabla ya Taylor. Hakuna kati ya hao wawili aliyelipatia jina, kwa sababu sampuli zenyewe hazikuwa kamili na wataalamu hawakuweza kuamua ni kitu gani. Ilibidi mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ampelekee baba yake mbegu mwaka 1892. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mkuu wa wilaya akabaki ndani ya ua.

Kisa hiki kidogo kina tatizo lote ndani yake. Mashairi ya Taylor yalikwenda kwa watu wa lugha, jani lake likaenda kwa watu wa mimea, na tangu hapo hakuna upande uliohitaji kuujua mwingine. Nyaraka za wakusanyaji wa kale wa mwambao wa Afrika Mashariki zimepangwa hivyo hivyo: kwa fani. Hazikupangwa kwa mahali zilikotoka wala kwa watu waliozifanya. Hasara kubwa iliyotokana na mpango huo ni kukatika kwa uzi unaounganisha kitu, jina lake la kienyeji na mtu aliyelitamka. Msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko wengi ya kuuunga tena, na mpaka sasa hakuombwa.

Hakuna aliyeacha karatasi zilizotapakaa zaidi kuliko huyo Kirk. Tabibu wa Kiskoti, aliandamana na Livingstone katika safari ya Zambezi kuanzia 1858, akafika Unguja mwaka 1866 na kupanda ngazi hadi kuwa balozi mkuu. Ndiye aliyembana Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, mwaka 1873 mpaka soko la watumwa likafungwa. Kalamu iliyoandika vitisho vya manowari ndiyo iliyoandika barua za mbegu, na pale Mbweni alikuwa na shamba la miche aliyoagiza kutoka kila upande wa bahari. Kima punju wa Unguja anabeba jina lake katika vitabu vya sayansi tangu 1868. Dikidiki wa nyikani pia, na mmea mmoja wa mpira unaotambaa, Landolphia kirkii.

Lililo tamu zaidi katika zawadi zake ni ua alilolipeleka Kew, ambalo mwaka 1882 lilipewa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Unguja, yule yule aliyekuwa akibanwa. Haikuchukua muda, mtunza bustani wa Kijerumani aitwaye Carl Holst akachuma lake Usambara, nalo likaitwa Impatiens holstii. Baadaye wataalamu walikaa wakalinganisha, wakagundua kwamba yote mawili ni mmea mmoja, na kwamba mmea huo ulikwisha kupewa jina mwaka 1868, walleriana, kwa ajili ya Horace Waller wa misheni ya Vyuo Vikuu. Kanuni ya sayansi ni kwamba jina la mwanzo ndilo linaloshika. Mmisionari akamshinda sultani, na hakuna aliyepigana.

Mtu akitaka kumjua Kirk wa wiki moja tu ya mwaka 1873 itambidi abishe milango minne. Shajara na barua zake za nyumbani ziko Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Majani na barua zinazohusu majani ziko katika Bustani ya Kifalme ya Kew. Barua za ubalozi ziko katika hifadhi ya taifa ya nyaraka za Uingereza, ambayo nayo, kwa mzaha wa historia, iko Kew hiyo hiyo, ila kwa mlango mwingine na kadi nyingine ya msomaji. Mafaili ya ubalozi yaliyobaki Unguja yako Kilimani, katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Kila mlango unamjua Kirk wake, na hawa Kirk hawakutani mpaka mtafiti awakutanishe.

Wakikutanishwa, mambo hubadilika sura. Sandarusi ni mfano. Kwa Mswahili wa karne ile sandarusi ilikuwa mali kama pembe za ndovu: utomvu mgumu uliochimbwa ardhini kwenye mwambao wa bara, ukapelekwa Unguja, ukapanda jahazi na meli hadi Bombay, Hamburg na Salem ya Marekani, ukaishia kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Wafanyabiashara walikuwa na daraja zake. Iliyochimbwa ndani kabisa, iliyokaa ardhini miaka na miaka, ilikuwa ndiyo hasa. Ile changa, iliyodondoka mtini karibuni, iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa chini. Wanunuzi wa Kiingereza wakalisikia neno hilo kwa masikio yao wakaandika “jackass”, yaani punda dume, na kwa miaka mingi vitabu vya biashara vya Ulaya vikawa vinaorodhesha sandarusi ya punda. Msafiri wa Kiingereza Richard Burton alilieleza kosa hilo katika maandishi yake, lakini punda alikwisha kuingia sokoni.

Kirk aliingia katika suala hili kama mtu wa mimea. Mwaka 1868 aliwaeleza wataalamu wa London uhusiano kati ya sandarusi ya kuchimbwa na miti hai ya msandarusi inayoota karibu na bahari. Kwa Ulaya hilo lilikuwa jambo jipya. Wachimbaji walioitofautisha chakazi na ya ardhini kwa kuitazama tu walikuwa wamekwisha kuligawa jambo hilo kwa maneno. Msomaji wa makala ya Kirk asiyejua Kiswahili huona ugunduzi. Anayejua Kiswahili huona pia kwamba ugunduzi ulianzia kwenye mizani ya mnunuzi, pwani, kwenye neno moja la dharau kwa mali mbichi.

Tuje kwenye karatasi iliyo ndogo kuliko zote, lebo. Ni kipande kisichozidi kiganja, kimegundishwa pembeni mwa jani lililokauka au kimefungwa kwa uzi mguuni mwa ndege. Lebo nzuri huwa na namba, tarehe, mahali, na maneno machache juu ya kile ambacho sampuli haiwezi kukisema yenyewe: rangi ya ua kabla halijakauka, urefu wa mti, kama uliota kinamasini au kwenye jiwe. Lebo bora kabisa huwa na jina la kienyeji. Namba ndiyo kamba: inaifunga sampuli kwenye daftari la safari, ambalo ndilo lenye habari ndefu. Daftari likipotea, namba inabaki kama ufunguo wa mlango uliokwisha kubomolewa.

Na kufika hapo haikuwa kazi ya mchezo. Kukausha majani kwenye pwani ya joto la jasho ni adhabu. Matawi hulazwa kati ya karatasi zinazofyonza maji, karatasi hulazwa kati ya mbao, na juu yake hufungwa mikanda au kuwekwa mawe. Kila siku karatasi mbichi hutolewa na kubadilishwa na kavu, kisha zile mbichi huanikwa juani, au masika yakishika, juu ya makaa. Siku mbili za uvivu, ukungu mweupe unatanda na maua yanadondoka. Mchwa huja kwa karatasi, mende huja kwa gundi. Ngozi za ndege zilipakwa sabuni yenye aseniki ili wadudu wasizile, sumu ambayo bado imo katika makabati ya makumbusho mpaka leo; samaki na mijusi walitiwa kwenye pombe kali ndani ya madebe na mitungi. Shajara nyingi zinasema “nilikausha”. Lakini mtu aliyekuwa akipima latitudo, akijibu barua, akitetemeka kwa homa na kugombana na wapagazi juu ya posho hakuwa na mikono ya kutosha kubadilisha karatasi mia mbili kila asubuhi. Mikono hiyo ilikuwa ya watu wengine.

Baadhi ya wasaidizi hao wanaonekana mchana kweupe. Thomas Wakefield, mmisionari wa Kimethodisti wa Ribe, alichapisha mwaka 1870 maelezo marefu ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, na kichwa cha makala yenyewe kinakiri kwamba habari zilitoka hasa kwa Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa sehemu za Gazi, Udigo. Uungwana wa aina hiyo ulikuwa adimu. Kule Tendaguru, nyuma ya Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909, zaidi ya tani 200, na mamia ya wafanyakazi waliibeba kwa miguu mwendo wa siku nne hadi bandarini. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Dinosaria mkubwa aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alipewa jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Boheti alingoja mpaka 2007, pale dinosaria mwingine alipoitwa Australodocus bohetii. Watafiti waliofufua jina lake walilikuta katika maandishi na picha za wachimbaji wenyewe. Lilikuwamo siku zote.

Kwa hiyo ushauri kwa anayefungua masanduku haya ni mfupi: shajara iwekwe kando kwanza. Shajara iliandikwa ili isomwe na watu wa nyumbani. Hesabu za mishahara, orodha za wapagazi, risiti za shanga na vitambaa, na barua za kuombea fedha ndizo zilizoandikwa bila kujipamba, na humo ndimo majina ya watu yalimo. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefika Amani, katika Usambara Mashariki, mwaka 1928, alimtegemea Salimu Asmani katika kukusanya na kutafuta ndege wa misitu ya Usambara. Uhusiano wao umekuja kuelezwa vizuri na wanahistoria waliochokonoa zaidi ya ripoti rasmi.

Kuna mtego mwingine ambao lebo humtegea msomaji, nao ni neno “Zanzibar”. Katika makabati ya Ulaya neno hilo limeandikwa kwenye konokono, nyoka, mijusi, ngozi na vipande vya sandarusi vyenye wadudu ndani, na mara nyingi maana yake ni bandari ambako sanduku lilipakiwa tu. Sandarusi iliyoitwa ya Zanzibar ilichimbwa bara. Mkusanyaji aliyenunua ngozi Forodhani hakuuliza sana ilitoka Rufiji au Pangani. Leo mtaalamu anayetaka kujua kama mnyama fulani aliwahi kuishi kisiwani analazimika kufuata barua, orodha za mizigo na majina ya meli, maana lebo imemdanganya bila kusema uongo. Wilhelm Peters wa Berlin, aliyesafiri Msumbiji kuanzia 1842, na Robert Playfair, balozi aliyetoa pamoja na Albert Günther kitabu cha samaki wa Zanzibar mwaka 1866, walifanya kazi katika ulimwengu huo ambamo Zanzibar ilikuwa kisiwa, dola na mhuri wa posta kwa wakati mmoja.

Upotevu nao una hadithi zake. Kirk mwenyewe, akiwa bado Zambezi, aliona mtumbwi wake ukipinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa mwaka 1860 na daftari zake pamoja na michoro ya mimea vikienda na maji. Muswada wa Burton juu ya Zanzibar ulipotelea njiani kwenda London, ukaja kukutwa miaka mingi baadaye ndani ya sanduku la chuma huko Bombay; kitabu kikatoka 1872. Msafiri wa Kijerumani Karl Klaus von der Decken aliuawa Bardera, kwenye mto Juba, mwaka 1865, na karatasi zake zikahaririwa na wenzake kwa miaka zaidi ya kumi, kwa fedha za familia. Johann Maria Hildebrandt, aliyechuma Unguja, Mombasa na Ukamba katika miaka ya 1870, alifia Antananarivo mwaka 1881 akiwa na umri wa miaka 34. Mtapo wa pwani, ule unaofanana na mnazi mfupi wenye miiba, ambao watu waliukimbilia wakati wa njaa, unaitwa kwa jina lake.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuja usiku wa Machi 1 mwaka 1943, mabomu yalipoichoma hebaria ya Berlin, yaani hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa. Mamilioni ya sampuli yaliteketea, na humo mlikuwa na sehemu kubwa ya mimea ya Tanganyika na pwani iliyochumwa na Hildebrandt, Holst, Stuhlmann na wengineo. Nyingi zilikuwa sampuli mama, yaani zile zilizotumika kuutangaza mmea kwa mara ya kwanza, ambazo ndizo hakimu wa mwisho mabishano yanapotokea.

Kilichookoa sehemu ya urithi huo ni mazoea ya zamani ya wachumaji. Mtu akiukuta mmea mzuri hachumi tawi moja. Huchuma matano, sita, kumi, yote kwa namba moja, kisha huyagawa. Namba moja ikawa na ndugu Kew, Paris, na Amani. Berlin ilipoungua, ndugu hao wakageuka mashahidi. Ndiyo maana hebaria iliyoanzishwa na Wajerumani pale Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, baada ya taasisi yao kufunguliwa mwaka 1902, ina uzito usiolingana na ukubwa wake. Mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi, na hadi leo ni kiini cha Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Majani ya Usambara yaliyounguzwa Ujerumani yana ndugu zao Nairobi. Kichekesho ni kwamba mtafiti wa Kitanzania anayetaka kuyaona yaliyochumwa Muheza anavuka mpaka.

Amani yenyewe inastahili kusimamiwa kidogo. Wajerumani walitoa pale jarida lao, Der Pflanzer, wakapanda shamba la miti ya dunia nzima ambayo mingine bado imesimama. Mmoja wao, Karl Braun, alifika mwaka 1904 akiwa mtaalamu wa mimea, lakini hakuishia kwenye majani. Alikusanya vikapu, zana, dawa na vitu vya matumizi ya kila siku vya watu wa Usambara na pwani, na akaandika shajara. Vitu hivyo viko Stade, mji mdogo karibu na Hamburg, na katika miaka ya karibuni makumbusho ya huko na watafiti wa Tanzania wameshirikiana kuvichunguza upya. Mafaili ya serikali ya Kijerumani yamebaki Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, na UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kwa hiyo hata historia ya kilima kimoja imegawanyika: majani Nairobi, vikapu Stade, mafaili Dar es Salaam, miti Amani.

Mafaili hayo yana ukuta wake. Mengi yameandikwa kwa mkono wa Kijerumani cha zamani, herufi za kuchongoka ambazo hata Mjerumani kijana wa leo huzisoma kwa kusuasua. Katikati ya mistari hiyo, ghafla, huchomoza neno kwa herufi za kawaida za Kilatini: mvule, mkonge, shamba, jumbe. Makarani walikuwa na desturi ya kubadili mwandiko walipoandika neno la kigeni. Kwa msomaji wa Kiswahili kurasa hizo ni kama usiku wenye taa za mbali. Haoni njia, lakini anaona vijiji.

Wapo waliolipa jina la kienyeji hadhi yake. Padri Charles Sacleux, wa shirika la Roho Mtakatifu, aliishi Unguja na Bagamoyo kuanzia 1879, akachuma mimea mingi kwa ajili ya makumbusho ya Paris. Jamii moja ya mimea inaitwa Sacleuxia kwa ajili yake. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1939, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, nayo ni kitabu cha mimea kilichojificha ndani ya kamusi: neno, lahaja yake, kisha jina la kisayansi. Hakuna kazi nyingine ya zamani iliyoziba vizuri hivyo pengo kati ya jani na ulimi. Huku Amani, P. J. Greenway alitoa orodha ya majina ya Kiswahili ya mimea mwaka 1937, iliyotokana kwa sehemu kubwa na lebo na maswali ya msituni. Tofauti kati ya kazi hizo mbili inafundisha. Greenway alihitaji jina ili aufikie mmea. Sacleux aliupenda mmea kwa sababu ulikuwa na jina.

Kuna anayeweza kuuliza karatasi hizi zina faida gani kwa mvuvi wa Wasini au mkulima wa Wete. Jibu moja liko Pemba. Popo mkubwa wa kisiwa hicho alitangazwa kisayansi mwaka 1909 kwa jina la Alfred Voeltzkow, Mjerumani aliyepita huko katika safari yake ya 1903 hadi 1905. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hao walikuwa wamebaki wachache sana, kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanavijiji wa mahali kama Kidike wakaunda vikundi vya kuwalinda, na sasa wako kwa maelfu na wageni hulipa kwenda kuwatazama. Bila kumbukumbu za awali kwamba mnyama huyu hapatikani popote pengine duniani, ingekuwa vigumu kumshawishi mfadhili, au waziri, kwamba popo ni mali.

Jibu la pili halifurahishi. Chui wa Unguja alitangazwa na R. I. Pocock mwaka 1932, akaitwa adersi kwa ajili ya Dk. Mansfield-Aders aliyekuwa mtaalamu wa viumbe wa serikali ya Zanzibar, yule yule ambaye paa nunga naye amebeba jina lake. Ngozi zilizobaki katika makumbusho ni za kuhesabu kwa vidole. Mmoja aliyejazwa amewekwa katika makumbusho, mjini Unguja. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni ilinasa usiku mnyama anayefanana na chui kisiwani, na mjadala ukawaka. Wengi wakarudi kwenye ngozi na vipimo vya zamani. Martin Walsh na Helle Goldman, ambao wamemchunguza mnyama huyu kwa miaka, walikuwa wamefanya kitu cha zaidi: waliandika pia maneno ya wanavijiji, hasa imani ya chui wanaofugwa na wachawi, imani iliyochochea kuuawa kwa chui hao. Ngozi iliyo kwenye droo haimwambii mtu kwa nini mnyama alichukiwa. Hadithi ya kijijini inamwambia.

Mtandao umefungua madirisha. Maelfu ya sampuli mama za Afrika zimepigwa picha, barua walizopelekewa wakuu wa bustani ya Kew zinasomeka kwenye skrini, na vitabu vya kale kama cha Playfair na Günther vinapakuliwa bure na mwenye simu Lamu. Lakini madirisha yamewekwa na wenye nyumba. Picha huorodheshwa kwa jina la Kilatini, mkusanyaji na nchi. Jina la kienyeji lililoandikwa kwa penseli pembeni mwa lebo mara nyingi halinakiliwi, au hunakiliwa na mtu asiyelijua, akageuza m kuwa n na w kuwa u. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Chukwani au cha Pwani akitafuta “msandarusi” hapati alichokuwa akikitafuta, hata kama karatasi ipo na neno limo. Kazi ya kurekebisha hili haihitaji maabara. Inahitaji watu kadhaa wanaojua Kiswahili, Kigiriama, Kidigo na Kisambaa, wakae na picha hizo na wazee wawili watatu wenye kumbukumbu ya dawa na kuni.

Karibu na Kaloleni, kwenye miamba ya chokaa ya Cha Simba, bado kunaota ua jingine la ukoo wa lile la Usambara. B. L. Burtt alilipa jina mwaka 1964, rupicola, yaani mkaa miambani, na sasa limo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka. Msamiati wa Kigiriama wa Taylor ulichapishwa mwaka 1891, miaka minne baada ya yeye kulikausha lile lake. Lebo ya jani hilo inataja vilima vya Giriama na vya Shimba katika mstari mmoja, ingawa kutoka upande mmoja kwenda wa pili ni safari nzima, Mombasa ikiwa kati. Aliliokota chini ya jiwe lipi, na nani alikuwa amemwongoza hadi hapo, mstari huo hausemi.